Brashi Iliyofunga Ramadhani

Saa sita mchana, jua la Nakuru likiwa limesimama juu ya mabati ya Bondeni, Nasimiyu anaingia gizani kwa hiari yake. Anainama, anapita chini ya pazia la gunia lililoshonwa mara mbili, na kujifungia katika stoo ya duka la saa la Mzee Darweshi. Mle ndani hamna dirisha. Hata tundu la msumari kwenye bati limezibwa kwa lami.

Mkono wa kulia ameshika sinia yenye nyuso za saa alizozipaka dawa asubuhi. Wa kushoto ana kipande cha kioo cha kujitazamia, hakizidi kiganja. Kazi iliyompeleka mle ni kukagua saa, lakini saa zitangoja. Nasimiyu anakiinua kioo, anapanua kinywa kama aliyeitwa na daktari wa meno, anautoa ulimi wote nje na kusubiri macho yazoee giza.

Haoni kitu.

"Ahsante Mungu," anasema kwa sauti, na sasa ndipo anaigeukia sinia, ambako tarakimu zimeanza kujitokeza moja baada ya nyingine kwa mwanga wa kijani, kuanzia moja mpaka kumi na mbili.

Shughuli hii ya kioo ameifanya kila siku ya kazi kwa miaka minne. Wauza vitumbua wa jirani wanajua kwamba adhuhuri ikifika "Mama Saa" haonekani, na wako wanaosema huenda kusali. Hawajakosea sana.

Nasimiyu ana miaka thelathini na mmoja. Ni mwenyeji wa Kimilili, muumini wa kanisa la Marafiki, na mke wa mfanyakazi wa reli anayeosha injini katika karakana ya hapa mjini. Mwaka huu wa 1957, baada ya miaka minane ya ndoa na maneno mengi ya chini kwa chini katika nyumba za reli, ana mimba ya miezi saba.

"Hiyo andika juu kabisa," anamwambia mwandishi, akicheka na kujishika tumbo. "Hayo mengine ya saa utaandika ukipata nafasi."

Mengine ya saa hayawezi kungoja nafasi, kwa sababu mimba hiyo na saa hizo ni habari moja.

Kazi ya Nasimiyu ni kupaka dawa inayofanya saa isomeke gizani. Saa nyingi zinazoletwa hapa zilitoka kiwandani ziking'aa, zikachoka kwa umri. Yeye hukwangua dawa kuukuu kwa kijiti cha mfupa, ikiwa imelowa ili vumbi lisiruke, akachanganya unga mpya na gundi angavu tone kwa tone, kisha akapaka tarakimu na mishale kwa brashi yenye nywele chache kuliko nyusi za mtoto mchanga. Akipumua vibaya, saba inakuwa moja.

"Hiyo unga haipendi chuma," anaeleza. "Ukikoroga na msumari umeharibu. Mimi mwaka wa kwanza nilikoroga na msumari, nikapaka saa saba, nikajiona fundi. Kuingia stoo, wapi! Ni kama nilikuwa nimepaka uji."

Unga wenyewe ni wa zinki iliyochomwa pamoja na salfa. Ule aliokuwa akiutumia zamani ulitiwa chembe za rediamu, madini yasiyojua kulala, ambayo huusumbua unga usiku na mchana ukawaka bila kuhitaji jua wala taa. Ulio mezani kwake leo hauna rediamu. Huu hunywa mwanga wa mchana, na giza likiingia huurudisha polepole mpaka uishe. Namna alivyouacha ule na kuushika huu ndiyo habari iliyomleta mwandishi Bondeni.

Nasimiyu alifika Nakuru mwaka 1949 akimfuata mumewe, akapata kazi kwa fundi cherehani mmoja, kushona matundu ya vifungo na pindo za suruali kwa mkono. Mshahara ulikuwa shilingi thelathini kwa mwezi, na mgongo uliuma kama wa shilingi mia. Mlango wa pili ndipo lilipokuwa duka la Mzee Darweshi.

Mzee Darweshi, ambaye sasa ana miaka sitini na miwili, alikuja kutoka Pwani akiwa kijana na hakurudi. Alikwisha kuwa fundi wa saa anayeaminiwa na nusu ya watu wa reli, lakini macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kutengeneza magurudumu ya saa aliweza bado, kwa kuwa vidole vyake vinayajua. Kupaka tarakimu kulikuwa kunamshinda.

"Nilimwona akitunga uzi kwenye sindano ndogo, barazani, na upepo wa vumbi la ziwani unavuma," anakumbuka Mzee, aliyeketi kwenye kiti chake cha ukindu karibu na mlango. "Mara moja tu, uzi umepita. Nikamwambia, mwanangu, mikono hiyo inapotea kwenye suruali."

Nasimiyu alianza kazi kwake mwezi wa Mei 1953, siku ya pili ya Ramadhani. Mzee alimwonyesha unga, gundi na brashi, kisha akamwonyesha uzi uliopakwa nta ya nyuki na kufungwa kati ya misumari miwili ukingoni mwa meza. Ncha ya brashi ikitawanyika, huburutwa taratibu juu ya uzi huo mpaka nywele zikusanyike tena.

Akampa na sharti moja. Brashi isitiwe kinywani.

"Nikamwambia, Mzee, mimi si Mwislamu, sifungi," anasimulia Nasimiyu. "Akaniambia, wewe hufungi, lakini katika duka hili mwezi huu brashi nayo imefunga. Basi, nikasema ni heshima ya dini ya mwenye duka. Nikakubali."

Alikubali kwa mdomo. Lakini mdomo huo huo ulikuwa wa mshonaji. Mtu aliyetunga uzi kwenye sindano kwa miaka minne hulamba ncha bila kujua kwamba analamba, na uzi wa Mzee ulikuwa wa polepole mno. Siku za kwanza Nasimiyu alimaliza saa mbili tu kwa siku, akaanza kuogopa kwamba atarudishwa kwenye suruali. Kwa hiyo Mzee alipokwenda msikitini kusali adhuhuri, brashi ilipita kati ya midomo. Ncha ilisimama vizuri kama sindano. Dawa haikuwa na ladha yoyote, isipokuwa mchanga kidogo kwenye meno.

Siku ya sita alikwenda stoo kukagua kazi yake. Mzee akarudi kutoka msikitini mapema kuliko kawaida, akasogeza pazia na kuita.

"Nasimiyu?"

"Naam, Mzee," akajibu.

Jibu hilo lilitoka likiwaka. Midomo, meno na ncha ya ulimi wake vilikuwa vinang'aa kijani katikati ya giza, kama mtu aliyetoka kula vimulimuli. Mwenyewe hakujua. Alijionea tu katika kioo cha saa ya ukutani iliyokuwa rafuni, akaufumba mdomo kwa kiganja.

Mzee hakupaza sauti. Alisimama pale kizingitini, akiwa na njaa na kiu ya tangu alfajiri, akasema maneno manne.

"Futari bado, mwanangu. Sukutua."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Nasimiyu. "Angenitukana ningejua la kufanya. Lakini hakunitukana. Alinipa maji ya kopo, akaenda kukaa. Tangu siku hiyo sijalamba brashi, sijalamba hata uzi wa nguo. Mwezi ulipoisha nikaendelea hivyo hivyo. Kioo nilinunua wiki ile ile, cha kujichunga mwenyewe."

Miaka ikaenda. Mkono ukazoea uzi wenye nta, saa mbili kwa siku zikawa sita, kisha tisa. Mshahara ukafika shilingi themanini. Magadi wa treni walimletea saa zao za mfukoni, wauguzi za kubandika kifuani. Hospitali moja iliagiza apake vitasa vya milango na swichi za taa za wodi ya wazazi, ili umeme ukikatika mtu asipapase ukuta. Padri mmoja wa Njoro alileta misalaba ishirini ya kutundika juu ya vitanda vya watoto wa bweni wanaoogopa giza. Nasimiyu aliipaka yote, brashi ikipita kwenye uzi, si kinywani.

Aliyevuruga utulivu huo alikuwa Mzungu mmoja wa kupima mawe, Februari mwaka huu. Alikuwa ametoka kuzunguka Menengai na milima ya Bahati akitafuta madini, na saa yake ilikuwa imepasuka kioo. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya duka. Ndani ya mkoba kulikuwa na kisanduku kilicholia tik, tik, kwa mapumziko marefu, na hakuna aliyekijali. Kilipogusa meza ya Nasimiyu kikaanza kulia kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Mzungu akakitoa, akakisogeza kwenye kichupa cha unga, kwenye brashi, kwenye aproni. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha mashambani.

"Mama, wewe nafanya kazi na hii dawa? Natia brashi kwa mdomo?"

Akaeleza kwa nini anauliza: kisanduku kile hulia kila kinapokutana na madini kama rediamu. Ng'ambo, zamani, wako wasichana wa viwandani waliofundishwa kulamba brashi za dawa hii ili ncha isimame. Rediamu ikiingia tumboni, mifupa huipokea ikidhani ni chokaa yake, na ikikaa mfupani haitoki. Wasichana wale waling'oka meno, taya zikaoza, wengi wakafa.

Nasimiyu alishika ukingo wa meza. Mkewe Mzee Darweshi, Bi Safiyo, aliyekuwa ameleta chai, alikuwa mtu pekee pale aliyejua kwamba Nasimiyu ana mimba ya miezi miwili. Hata mume alikuwa hajaambiwa, kwa kuogopa kumpa furaha itakayoharibika.

"Nililamba, bwana," Nasimiyu akasema. "Siku sita. Ni miaka minne sasa."

Mzungu alikwenda kwanza stoo, ambako Mzee alizoea kuweka mabaki ya dawa kuukuu katika mkebe wa biskuti. Mabaki hayo hayang'ai hata chembe, na kila mtu alidhani yamekufa. Kisanduku kilipofika hapo kililia bila kupumzika. Ndipo walipojua kwamba dawa ikiacha kuwaka, kilichochoka ni unga tu. Rediamu iko pale pale na itaendelea kuwepo wakati wajukuu zetu watakapokuwa wazee.

"Hapo ndipo nilipoogopa kweli," anasema Nasimiyu. "Maana mimi miaka yote natazama kioo, naona giza, nashukuru. Kumbe giza si kitu. Inaweza kuwa ndani na haiwaki. Nikawaza mtoto. Nikawaza, huyu atanyonya nini kwangu?"

Mzungu alimtaka avue aproni, anawe mikono mpaka viwiko, kisha wote wakatoka nje, mbali na meza. Akaweka kisanduku kwenye ukuta mtupu wa duka la jirani, wakakisikiliza. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya kirefu. Akasema hiyo ni sauti ya dunia tu, kila mahali ipo. Kisha akakileta kwenye taya la Nasimiyu.

Bi Safiyo alimshika mkono kwa nguvu mpaka pete ikamwumiza.

Tik. Kimya. Tik. Kimya kirefu. Tik, tik.

Kikapita mbele ya kinywa, kooni, mgongoni, magotini. Mzungu akarudi ukutani, akasikiliza tena, akarudi kwake mara ya pili. Mwishowe akasema, "Wewe na ukuta, sawasawa."

"Siku hiyo niliitwa ukuta, nikalia kwa furaha!" anasema Nasimiyu, na machozi hayo hayako mbali hata leo. "Bi Safiyo naye analia, anapiga vigelegele. Watu wa vitumbua wakakuja mbio wakidhani kuna harusi."

Mzungu aliwaonya kwamba kisanduku chake si daktari, akamwandikia barua ya kwenda hospitali. Daktari alimpima meno, mifupa na damu, akamwambia hajaona neno. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale barazani, kabla vigelegele havijaisha, Mzee Darweshi alikuwa amekaa juu ya kigoda, amevua kofia na kuiweka gotini.

"Nipime na mimi," akasema.

Nasimiyu alidhani ni utani. Hakuwahi hata mara moja kumwona Mzee akitia brashi kinywani. Kisanduku kikasogezwa kwenye taya lake. Tik, tik. Tik, tik, tik. Tik, tik. Haikuwa mvua ya mawe. Ilikuwa manyunyu, lakini kila mtu alisikia kwamba huyu hakuwa sawa na ukuta.

"Iko kidogo," Mzungu akasema. "Kidogo. Kama wewe nalamba mpaka leo, sasa iko mingi sana."

Mzee akageuka kumtazama mwanafunzi wake, akasema jambo alilokuwa amelificha kwa miaka minne.

"Kabla hujaja, mwanangu, mimi mwezi wa Ramadhani nilitumia uzi. Miezi kumi na mmoja nilitumia ulimi. Ni upesi, kila fundi alifanya. Sikujua habari ya sumu, nilijua habari ya funga tu. Basi, nikakukuta wewe mle stoo kinywa kinawaka, nikakusema. Idi ikaja. Nikaishika brashi, nikataka kuilamba, nikakuona uko mbele yangu umeinamia uzi. Ningelamba vipi? Nikaona haya. Haya hizo ndizo zilizoniachisha."

Nasimiyu anasema alitaka kupiga magoti kumshukuru, na Mzee akamkataza, akisema wa kupiga magoti ni yeye, tatizo ni kwamba akipiga magoti hatainuka. Wakashukuriana wakiwa wamesimama, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye ndiye aliyemponya, mpaka Bi Safiyo akawaambia waache ubishi, chai imepoa.

Mzungu aliondoka na mkebe wa biskuti na unga wote wa rediamu ndani ya kasha la madini ya risasi. Meza ya zamani ilichukuliwa pia, pamoja na misalaba ya Njoro na vitasa na swichi za hospitali, na sakafu ikapigwa deki siku tatu. Mzee huenda hospitali kila baada ya miezi mitatu. Amepoteza magego mawili, jambo ambalo daktari hajui aliweke kwenye rediamu au kwenye umri, na Mzee mwenyewe analiweka kwenye halua. Kaimati bado anatafuna.

Unga mpya umewapunguzia wateja. Hauwaki mpaka asubuhi, na hilo huwaudhi wanaofanya kazi usiku. Siku mwandishi alipokuwa dukani aliingia Kemboi, gadi wa treni ya Kisumu, akiweka saa mezani kwa kishindo.

"Mama Saa, hii kitu inalala kabla yangu! Nikifika Londiani ni giza tu."

"Si una taa ya mkono? Ionyeshe taa dakika moja, itaamka. Hii unga unalisha mwenyewe, kama ng'ombe."

"Kama nitashika taa, basi saa ya kung'aa ni ya nini?"

"Taa ni ya kumwonyesha dereva. Ukimaliza kumwonyesha dereva, onyesha saa. Au unataka ile ya zamani, uwe unalia tik-tik wewe mwenyewe?"

Kemboi, ambaye kama Bondeni nzima anaijua habari ya kisanduku, alicheka na kuirudisha saa mfukoni.

Nasimiyu atajifungua Septemba, Mungu akipenda. Mumewe ameambiwa, na tangu aambiwe hupita dukani kila jioni kuuliza kama mke amenawa mikono. Mwakani, Ramadhani itakapoandama, anatarajia kumpokea mwanafunzi wa kwanza, binti aitwaye Jepkorir anayeshona vifungo mlango wa pili, pale pale alipokaa yeye. Unga mpya hauna rediamu, lakini sharti halitabadilika.

"Ni mshonaji," anasema, "na mshonaji ni mtu wa kulamba. Siku ya kwanza sitampa brashi. Nitampa kioo."

Saa saba kasoro anatoka stoo na sinia yake, macho yakikataa jua. Mzee Darweshi anamsubiri kwenye kiti cha ukindu.

"Enhe?"

"Giza, Mzee."

"Alhamdulillahi."

Kisha Mzee anainuka taratibu, anashika ukuta, anaingia mwenyewe nyuma ya pazia. Macho yake hayawezi tena kusoma kioo, kwa hiyo hakichukui. Anasimama katikati ya stoo, anafungua kinywa. Wote wawili wanajua kwamba kilichomo katika taya lile hakiwezi kuonekana hivi, na hawaachi. Nasimiyu, mkono mmoja tumboni, anasogeza pazia kidogo na kumtazamia kutoka kizingitini, pale pale Mzee aliposimama siku ile.

"Giza, Mzee," anamwambia. "Giza kabisa."